UZI: Vijiji vilivyokufa na vilivyobaki katika jangwa la nyanda za juu, Oregon. Anza na karatasi, gari baadaye

#1 MtafitiWaNyika

Wakuu, salaam.

Wadau wengi walioko Portland na Boise hupita barabara ya 20 kati ya Bend na Burns, kama kilomita 210, wanaona vichaka vya kijivu vya seji na seng'enge, halafu wanasema pale hapajawahi kukaa mtu. Si kweli. Kuanzia 1905 hadi 1915 hivi, bonde la Fort Rock peke yake lilikuwa na vijiji vyenye posta zake: Fleetwood, Fremont, Connley, Arrow, Lake, Cliff. Vyote hivyo vimefutika. Vilivyobaki ni Fort Rock na Silver Lake, na Christmas Valley ambayo ni ya juzi tu: kampuni ya M. Penn Phillips ilianza kuuza viwanja pale mwaka 1961.

Kosa kubwa la wanaokwenda kutembelea ni kuanza na gari. Unafika, unakuta ubao mmoja na mti mkavu, unapiga picha, unarudi hujui lolote. Anza na karatasi. Kijiji cha huko kilizaliwa na sheria na kikauawa na uhaba wa mvua, na vyote viwili vimeandikwa.

Sheria zenyewe, za serikali kuu kumpa mlowezi ardhi ya umma kwa masharti, ni hizi, zishikeni maana tutazirudia:

1862: ekari 160, ukae miaka 5.
1909: ekari 320 kwa ardhi kavu isiyomwagiliwa. Sharti: ekari 40 ziwe zimelimwa kuanzia mwaka wa pili na ekari 80 kuanzia mwaka wa tatu.
1912: miaka 5 ikapunguzwa kuwa 3, kilimo kikashushwa hadi ekari 20 kisha 40, na mlowezi akaruhusiwa kutokuwepo miezi 5 kila mwaka.
1916: ekari 640 kwa ajili ya kufuga.
1934: sheria ya malisho, ambayo kwa vitendo ilifunga mlango wa walowezi wapya.

Sasa weka mvua pembeni ya sheria hizo. Fort Rock iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari na hupata kama milimita 250 kwa mwaka, theluji ikihesabiwa ndani. Dodoma, ambayo sote tunaiita kavu, hupata zaidi ya mara mbili ya hapo. Na barafu ya usiku inaweza kuanguka mwezi wowote, hata Julai. Mtu aliambiwa alime ekari 80 katika hali hiyo ndipo apewe hati. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoandika kwamba walowezi hawakujua kilimo. Wapo waliokijua vizuri sana. Masharti ndiyo hayakuijua ardhi.

#2 Kivu2Boise

Bandugu, aksanti sana kwa uzi. Ulizo yangu: hiyo karatasi inapatikana wapi? Na kama mtu ana jina la mahali tu, hana jina la mtu, ataanzia wapi?

#3 Mama_Sensa

Ndugu Kivu, ukiwa na jina la mahali tu, anza na posta. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani ina mikrofilamu mbili zitakazokusaidia: M841, orodha ya wakuu wa posta walioteuliwa kuanzia 1832 hadi 1971, na M1126, ripoti za mahali posta zilipokuwa, 1837 hadi 1950. M841 inakupa tarehe ya kufunguliwa, ya kufungwa, na majina ya waliokabidhiwa. M1126 ni tamu zaidi: mkuu wa posta alitakiwa kueleza posta yake iko kipande gani cha ardhi, umbali gani kutoka posta ya jirani, mto upi uko karibu, na mara nyingi akachora ramani kwa mkono.

Tahadhari moja. Posta nyingi zilikuwa nyumbani kwa mtu. Mkuu wa posta akibadilika, posta inahamia kwa mwenzake maili kadhaa mbele na jina linabaki lile lile. Kwa hiyo jina moja laweza kuwa na sehemu mbili au tatu kwenye ramani, na zote ni sahihi kwa mwaka wake. Wengi hubishana bure hapa.

Ukishapata jina la mtu, nenda kwenye tovuti ya hati za ardhi ya BLM (idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi ya umma), glorecords.blm.gov. Ni bure. Chagua Oregon, kisha wilaya (Lake, Harney, Deschutes, Crook au Malheur), andika jina la ukoo peke yake. Majina yalikosewa sana, jaribu tahajia tofauti.

Ukifungua hati, usikimbilie picha. Soma mstari wa sheria iliyotumika ("Stat." ni mkusanyo wa sheria za Marekani; namba ya kwanza ni juzuu, ya pili ni ukurasa):

12 Stat. 392 ni ile ya 1862.
35 Stat. 639 ni ya 1909, ekari 320.
39 Stat. 862 ni ya 1916, ya mifugo.
19 Stat. 377 ni sheria ya jangwa ya 1877, ambayo ilidai umwagiliaji.
3 Stat. 566 ni mauzo ya fedha taslimu. Ukiikuta kwenye ekari 160, mara nyingi mlowezi hakusubiri miaka yake itimie. Alikaa miezi 14, akalipa dola 1.25 kwa ekari, akachukua hati. Wa ekari 320 hawakuruhusiwa njia hiyo.

Mstari huo mmoja unakwambia mtu alikuja na mpango gani.

#4 MzeeKarani

Mama Sensa umeeleza vizuri, niongeze jambo ambalo vijana hulisahau. Tovuti ile inaonyesha waliofaulu tu. Aliyeshindwa akaondoka hana hati, kwa hiyo hayumo. Na katika jangwa hili walioondoka bila hati ni wengi mno. Ukihesabu hati za Fort Rock ukasema ndiyo idadi ya watu, umewafuta wale hasa ambao historia yao unaitafuta.

Hao wanapatikana kwenye vitabu vya usajili wa vipande vya ardhi, ambavyo viliandika kila ombi, liwe limekubaliwa, limeachwa au limefutwa. Na kila ombi lilikuwa na jalada. Kwa aliyepata hati, ndani ya jalada kuna ushahidi wa mwombaji na wa majirani wawili: nyumba ina ukubwa gani, ina milango na madirisha mangapi, kisima kina kina gani, ekari ngapi zililimwa mwaka upi na mavuno yakawaje. Unaagiza kwa fomu NATF 84. Kwa hati za baada ya Julai 1908 unahitaji namba ya hati tu. Kwa maombi yaliyoshindwa unahitaji ofisi ya ardhi (Lakeview, Burns, The Dalles au Vale), namba ya ombi na maelezo ya kipande. Ukikosa kimoja, wanakurudishia fomu.

Sensa za 1910 na 1920 zisome pamoja, moja baada ya nyingine. Ya 1890 usiitafute, karibu yote iliharibika kwa moto wa 1921.

#5 Dada_wa_Hillsboro

Shikamoo mzee Karani. Samahani, hayo maelezo ya kipande ndiyo yananishinda. Ukikuta "T. 26 S., R. 15 E., Sec. 8, NW¼" unaisomaje?

#6 MzeeKarani

Marahaba binti. Soma kutoka nyuma kwenda mbele: robo ya kaskazini-magharibi, ya kipande cha 8, katika mraba wa 26 kusini na wa 15 mashariki.

Kila mraba una maili 6 kwa 6. Ndani yake kuna vipande 36, kila kimoja maili moja kwa moja, yaani ekari 640. Robo ni ekari 160. Hesabu ya vipande huanza kona ya kaskazini-mashariki: 1 hadi 6 kuelekea magharibi, unashuka mstari, 7 hadi 12 kurudi mashariki, unashuka tena, hivyo hivyo mpaka 36 kona ya kusini-mashariki. Watu hupotea hapa kwa kudhani kila mstari unaanza upande mmoja. Vipande 16 na 36 vilitengwa kwa ajili ya shule, kwa hiyo usishangae kutoona walowezi pale.

Kitovu cha hesabu yote ya Oregon ni jiwe la Willamette, lililowekwa 1851 vilimani magharibi mwa Portland. Wewe uliye Hillsboro ni karibu kwako, kaliangalie. Mistari yote inaanzia hapo.

Ukishapata kipande, fungua ramani za zamani za USGS (idara ya jiolojia ya Marekani) kwenye tovuti yao ya topoView, weka juu ya picha ya setilaiti ya leo. Tafuta mistari iliyonyooka mno: ua wa zamani huonekana kama mpaka kati ya seji na nyasi hata miaka 100 baadaye, kwa sababu shamba likishalimwa udongo wake hupeperushwa na upepo na mimea inayorudi si ile ile.

#7 FunduSpea

Nimeona watu wameshapata hamu ya kuondoka. Kabla hamjaondoka:

Tairi. Barabara za ndani ni changarawe ya volkano na basalti yenye kingo kali. Tairi za kawaida za mjini hupasuka ubavuni, na ubavu hauzibiki. Tumia za gari la mizigo, daraja E, spea ya ukubwa kamili, vifaa vya kuziba pancha na pampu ya kujaza upepo. Jeki iwekewe ubao wa mraba wa sentimita 30 chini, vinginevyo inazama kwenye vumbi.

Udongo. Vitanda vya maziwa yaliyokauka na njia za udongo wa mfinyanzi hupitika vizuri vikiwa vikavu. Mvua ya dakika 20 inatosha kukunasa hadi ekseli. Usijaribu kupita, subiri. Mara nyingi siku moja ya jua na upepo inatosha. Ukilazimisha unaacha makorongo ambayo hubaki miaka mingi.

Mafuta. Jaza Bend, La Pine au Burns. Burns hadi Frenchglen ni kama kilomita 96, Frenchglen hadi Fields kama 80 nyingine. Fields huwa wanauza, lakini usipange safari kwa kutegemea kwamba utakuta pampu wazi.

Maji. Lita 4 kwa mtu kwa siku, ubebe ya siku mbili zaidi ya unazokusudia. Simu haina mtandao sehemu kubwa, kwa hiyo pakua ramani mapema na uache ratiba kwa mtu, yenye saa ya kuanza kukutafuta.

Moto. Usiegeshe juu ya nyasi kavu. Bomba la moshi lina joto la kutosha kuziwasha, na upepo wa huko hauzimi kitu.

Ng'ombe. Sehemu kubwa ni malisho ya wazi. Ukimgonga ng'ombe barabarani usiku, uwe tayari kudaiwa wewe gharama ya ng'ombe. Tembea mchana.

Geti. Uliloikuta limefungwa, lifunge. Uliloikuta wazi, liache wazi, huenda ng'ombe wanayafuata maji.

Msimu: Juni, au Septemba hadi mapema Oktoba. Njia ya kuzunguka mlima Steens, karibu mita 2,967, hufunguliwa kamili kwenye Julai theluji ikiisha.

#8 Kivu2Boise

Aksanti kaka Fundu. Nikifika uwanjani sasa, nitajua namna gani hiki ni kibanda cha mlowezi wa 1910 na si takataka ya mchungaji wa 1950?

#9 MtafitiWaNyika

Angalia vitu vidogo, tena kwa macho tu.

Kopo. Kopo la zamani lina kifuniko cha duara kilichochomelewa juu na tone dogo la lehemu katikati, pale tundu la hewa lilipozibwa. Kopo lililokunjwa kingo juu na chini bila lehemu lilianza kuenea baada ya 1904. Ukikuta aina zote mbili jaa moja, upo kwenye kipindi chetu hasa.

Chupa. Fuata mshono wa ubavuni kwa jicho. Ukiishia shingoni kabla ya mdomo, imepulizwa kwa pumzi ya mtu na mdomo ukamaliziwa kwa mkono. Ukipanda hadi juu ya mdomo, ni ya mashine, na mashine ya Owens ni ya 1903. Kioo cha zambarau kilikuwa cheupe: kiliwekwa manganisi, jua likakigeuza. Kilitengenezwa sana kati ya miaka ya 1880 na vita vya kwanza.

Msumari. Wa mviringo wa waya ulishika soko miaka ya 1890. Wa kukatwa, wenye pande nne, ukiwa peke yake unaashiria jengo la mapema, lakini mbao zilitumika tena na tena, kwa hiyo msumari mmoja si ushahidi.

Mimea. Mililaki na mipopla iliyosimama mstari porini haikujiotea. Kuna mtu aliibebea maji kwa ndoo.

Hapo kwenye mbao ndipo wengi hupotoka. Nyumba hazikuoza zote, ziliburutwa. Mlowezi akiondoka, jirani aliyebaki alikokota kibanda kwa farasi kikawa ghala lake. Hata kijiji cha makumbusho cha Fort Rock, kilichofunguliwa 1988, kimekusanya kanisa, ofisi ya daktari, shule na nyumba kutoka bonde zima. Kina thamani kubwa sana, kianze hicho, ila usipime umbali kati ya majengo yale ukadhani ndivyo kijiji kilivyokaa.

Hatari: visima. Vilifunikwa kwa mbao ambazo sasa zimeoza chini ya vumbi. Usikanyage shimo lolote lililobonyea karibu na msingi wa nyumba, na watoto wasiachwe mkono.

Na usichukue kitu. Sheria ya 1979 inalinda vitu vya kale vyenye zaidi ya miaka 100 kwenye ardhi ya serikali kuu: kosa la kwanza ni hadi dola 10,000 na mwaka mmoja jela, na hupanda hadi 20,000 na miaka miwili thamani ikizidi dola 500. Vya chini ya miaka 100 navyo vina mwenyewe. Kopo likihamishwa sentimita 50 limeshapoteza nusu ya habari yake.

#10 Mama_Sensa

Mtafiti, naomba tusianze historia na 1905. Pango la Fort Rock lilichimbwa na Luther Cressman wa Chuo Kikuu cha Oregon mwaka 1938, na chini ya majivu ya volkano Mazama, iliyolipuka kama miaka 7,700 iliyopita, vilitoka viatu vingi vilivyosukwa kwa gome la seji. Vina zaidi ya miaka 9,000. Huko Paisley, kusini zaidi, mapango yametoa dalili za binadamu za zaidi ya miaka 14,000.

Watu wa Paiute wa Burns, wenyeji wa asili wa huko, walikuwa na eneo kubwa la Malheur walilotengewa 1872. Vita vya Bannock vilipopiganwa 1878, waliswagwa kwa miguu katika baridi kali ya 1879 hadi Yakama, jimbo la Washington, zaidi ya kilomita 500, na ardhi ikafunguliwa kwa wafugaji. Ardhi "tupu" ambayo walowezi waliikuta ilikuwa imefanywa tupu. Hati yoyote ya Harney unayoifungua, weka tarehe yake pembeni ya 1879.

Pango lenyewe haliingiliki ovyo; ziara huongozwa na Idara ya Hifadhi za Jimbo, panga mapema. Viatu viko makumbusho ya chuo, Eugene.

#11 MtafitiWaNyika

Umenirekebisha vizuri dada, na ndipo panapounganika na Frenchglen. Peter French alikuja 1872 na ng'ombe 1,200 na wachungaji wa Kimeksiko kutoka California. Tarehe 26 Desemba 1897 alipigwa risasi na mlowezi Edward Oliver katika ugomvi wa ardhi, na baraza la mahakama likamwachia Oliver. Mfugaji mkubwa dhidi ya mlowezi mdogo, juu ya ardhi ya mtu wa tatu.

Zizi lake la duara karibu na Diamond bado limesimama. Kipenyo mita 30, ndani yake ukuta wa mawe wa duara wa kama mita 18, na kati ya kuta mbili njia ya mita 6 ambapo farasi walifundishwa wakati wa theluji. Ukiingia tazama juu: paa limebebwa na nguzo za mti wa jamii ya mtarakwa wetu, hazikuchongwa hata zikanyooka, matawi yalikatwa tu.

#12 MzeeKarani

Msisahau reli. Shaniko, mji wa kaskazini mwa Bend, ilifikiwa na reli 1900 ikawa soko kubwa la sufu. Hill na Harriman, matajiri wa reli, wakajenga reli zao mbili zikishindana bonde la Deschutes, reli ikafika Bend Oktoba 1911, na Shaniko ikabaki pembeni. Crane, kijiji cha karibu na Burns, ilipata reli 1916, ikachangamka, kisha reli ikasogea hadi Burns 1924. Crane haikufa kwa sababu moja: sekondari. Ni ya serikali na ni ya bweni, jambo nadra Marekani, kwa kuwa watoto wa mashamba ya mbali wasingeweza kwenda na kurudi kila siku.

Silver Lake pitieni makaburini. Mkesha wa Krismasi 1894 taa ya mafuta iliguswa katika ukumbi uliojaa watu, wakafa 43. Dk. Bernard Daly alisafiri kwenye theluji kutoka Lakeview, karibu kilomita 150. Alipofariki 1920 aliacha mali yake isomeshe vijana wa wilaya ya Lake, na mfuko huo bado unasomesha.

#13 Kivu2Boise

Na sisi wa Boise, tuko na kitu cha karibu?

#14 Mama_Sensa

Jordan Valley, kama kilomita 120 kwa barabara ya 95. Wachungaji wa kondoo wa Kibaski walijenga pale ukuta wa mawe wa kuchezea pelota, mchezo wa kupiga mpira ukutani, mwaka 1915. Karibu na Danner kuna kaburi la Jean Baptiste Charbonneau, mtoto wa Sacagawea (mwanamke wa Kishoshone aliyesafiri na msafara wa Lewis na Clark). Charbonneau alifariki 1866.

Wachungaji waliandika pia majina na tarehe kwenye magome ya miti ya aspeni, Steens na kwingineko. Aspeni haiishi sana zaidi ya miaka 100, kwa hiyo maandishi haya yanaanguka sasa hivi na miti yake. Piga picha asubuhi au jioni jua likitokea ubavuni, moja ya karibu na moja ya mti mzima, andika kipimo cha GPS. Usipake chaki, usikwangue.

#15 Dada_wa_Hillsboro

Swali la mwisho: kwenye nyumba za watu unaingiaje? Ramani inaonyesha kipande ninachotaka kiko katikati ya ranchi.

#16 FunduSpea

Ramani ya BLM: manjano ni ya BLM, kijani msitu wa taifa, samawati ya jimbo, nyeupe ya mtu binafsi. Nyeupe huingii bila ruhusa, hata kama hakuna ua.

Pata jina la mwenye shamba kwenye rekodi za kodi za wilaya, piga simu siku kadhaa kabla, jioni. Sema wewe nani, unatafuta kipande gani, mtakuwa wangapi na gari gani. Epuka wakati wa kukata alfalfa na wakati wa kuzalisha ndama. Usimuulize ana ng'ombe wangapi wala ekari ngapi. Huko ni sawa na kumuuliza ana pesa ngapi benki. Ukiwa na nakala ya hati ya mlowezi wa shamba lake, mpelekee. Wengi wao hawajaiona, na ataitoa picha ya babu yake mwenyewe bila kuombwa.